Jumanne: Kiu ya Kuthaminiwa

Soma Mwanzo 29:31-35. Majina ya wana wa Lea yanafunua nini kuhusu moyo wake?

Huko Kizwite, Sumbawanga, kama kwingineko, wapo waahidio mchango wa harusi kupita uwezo wao, ili tu majina yao yasomwe. Ni rahisi kuwaita wenye majivuno. Huenda wana kiu.

Lea alikuwa nayo. Kwa Reubeni alitumaini kupendwa. Kwa Simeoni alikiri kuchukiwa. Kwa Lawi alitamani mumewe aambatane naye. Kwa Yuda hakumtaja mume, alimsifu Bwana. (Hata hivyo, katika 30:20 anamtazamia Yakobo tena. Kiu hii haiishi kwa siku moja.)

Katika kundi lenu, ni nani anayejitokeza sana, au kunyamaza sana, ambaye hamjamuuliza hali yake?