Mgeni Malangoni Mwetu

Sisi wa Utemini tumezoea malori. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma hupita hapa Singida ikielekea Nzega, Kahama na hatimaye Rusumo, mpakani na Rwanda, na ile itokayo Arusha kupitia Babati huja kuungana nayo hapahapa kwetu. Mizigo ya nchi kadhaa hupita karibu na nyumba zetu usiku na mchana, nasi hatuulizi kilicho chini ya turubai.

Jumamosi moja ya mwezi Julai, baridi ya Singida ikiwa kali, akina mama waliokuja kufagia kanisa walimkuta kijana amejikunja chini ya ukuta, miguu imevimba. Kwa Kiswahili alijua neno moja tu, maji. Kwa ishara, na kwa kulitaja jina la Ethiopia, tulielewa alikotoka. Mama mmoja alimletea uji wa moto na kumfunika kitenge. Mzee mmoja wa kanisa akampigia simu mwenyekiti wa mtaa, naye akawaarifu wahusika. Walifika upesi kuliko tulivyotazamia. Hakupigwa wala hakutukanwa. Aliinuka, akatuinamia kichwa, akapanda gari. Kikombe cha uji kikabaki pale ukutani, kimefika nusu.

Kesho yake baada ya ibada tuligawanyika. Baadhi yetu tulisema mzee alifanya sawasawa: kijana aliingia nchini bila kibali, kumficha mtu kama huyo ni kosa kisheria, na Mtume Paulo katika Warumi 13 anatufundisha kuitii mamlaka. Wengine tukajibu kwamba katika Mathayo 25 Bwana haulizi habari za pasipoti. Anauliza kama tulimkaribisha mgeni. Mama mwenye kitenge hakusema mengi. Aliuliza tu, "Hata uji tumeshindwa kumngoja amalize?"

Swali hilo limetusumbua kwa muda, na makala hii imetokana nalo.

Mgawanyiko huu haukuanzia kwetu. Viongozi wetu wa nchi wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja juu ya mgeni na mpaka. Mwalimu Nyerere alifungua mlango. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Walifyeka pori, wakalima, wakalisha familia zao na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

Kisha ikaja Aprili 1994. Katika muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Hakuna kijiji kinachoweza kupokea wageni wengi kiasi hicho kikabaki kama kilivyokuwa. Miti ilikatwa kwa kuni, maji yakawa ya kugombania, ujambazi ukaongezeka, na ndani ya kambi, katikati ya wajane na watoto, walikuwemo pia watu walioshiriki mauaji ya kimbari. Machi 1995, wakati wa Rais Mwinyi, serikali ilifunga mpaka na Burundi. Desemba 1996, wakati wa Rais Mkapa, Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikakaza masharti zaidi. Sisi wa Singida tusiwe wepesi kuwalaumu waliosema imetosha. Kuni zilizokwisha hazikuwa zetu.

Wakati wa Rais Kikwete tuliona mambo mawili yakifuatana. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo walioishi hapa miaka mingi, wakaoa na kuzaa hapa. Mwaka uliofuata, Warundi wale wa 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, wapatao 162,000, wakakamilishiwa uraia wa Tanzania. Baadaye Rais Magufuli aliwahimiza wakimbizi wa Burundi warudi kwao, na Januari 2018 nchi yetu ikajitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwashirikisha wakimbizi katika maisha ya jamii inayowapokea, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Lakini Januari 2021 Rais huyohuyo aliwasamehe zaidi ya wafungwa 1,700 raia wa Ethiopia, waliokuwa magerezani kwa kuingia nchini bila kibali.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba sera si Injili. Hubadilika kwa majira, kwa idadi ya watu, kwa hali ya hazina na ya jirani, na hilo si dhambi. Kila mmoja wa viongozi hao alipima jambo la kweli: mmoja uhai wa anayekimbia, mwingine usalama wa anayepokea. Mkristo anaweza kusimama upande huu au ule katika mjadala wa mpaka bila kuwa amemkana Bwana, na tusiitane wapagani kwa sababu hiyo.

Pili, Maandiko yenyewe yanajua malango na yanajua wageni. Nehemia aliujenga upya ukuta wa Yerusalemu, akatia milango na kuweka walinzi, wala hakulaumiwa. Katika Walawi 19 Israeli wanaagizwa wampende mgeni kama nafsi zao, na sababu inatajwa waziwazi: wao pia walikuwa wageni Misri. Bwana wetu mwenyewe, akiwa mtoto mchanga, alivushwa mpaka usiku na wazazi waliokuwa wakiukimbia upanga wa Herode. Wazee wetu wa mkoa huu nao, katika miaka ya njaa, walifunga safari kwenda kuhemea kwa watu ambao hawakuwa wa ukoo wao, na wapo kati yetu ambao wasingezaliwa kama mlango huo usingefunguliwa.

Kwa hiyo serikali imekabidhiwa kazi ya kuamua nani aingie, nani akae na nani arudishwe. Ni kazi nzito, na yatupasa kuwaombea wanaoibeba. Lakini kabla ya uamuzi huo na baada yake kuna wajibu ambao hakuna serikali iliyotuondolea: yule aliye mbele yetu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na njaa yake haina uraia. Tulipoitafakari Jumamosi ile kwa unyofu, simu ya mzee haikutuhukumu. Kilichotuhukumu ni kwamba kati yetu sote hakuna hata mmoja aliyemuuliza jina. Tulikuwa na haraka ya kumaliza jambo lake, yaani kuliondoa machoni petu.

Kuna mambo mazito zaidi ya hilo, nayo yako karibu nasi. Juni 2012, katika pori la Chitego wilayani Kongwa, mkoa jirani wa Dodoma, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40. Walikuwa wakisafirishwa kwa lori kuelekea kusini, wakafa kwa kukosa hewa, wakatupwa porini. Biashara ya namna hii haiwezi kwenda bila wenyeji. Inahitaji dereva, utingo, mwenye nyumba ya kuwalaza, na mtu wa kupokea fedha na kufumba macho. Tusipoonyana juu ya fedha hiyo kanisani, tutajikuta tumeipokea kwenye kapu la sadaka. Hapo sheria ya nchi na sheria ya Mungu zinakubaliana kabisa, na kutoa taarifa ni kuokoa roho za watu.

Vilevile tujihadhari na neno "si raia". Tunajua jinsi linavyotumika pale watu wanapogombana kwa kiwanja, au mmoja anapotaka kumzuia mwenzake uongozi wa mtaa. Jirani aliyezikiwa wazazi wake hapa, akachangia misiba yetu yote, siku moja anaitwa mtu wa kuja. Anayesema hivyo akijua ni uongo amevunja amri ya nane, hata kama amelisema kwa jina la usalama wa taifa.

Mwenzetu mmoja aliuliza swali la haki: "Tukijulikana kwa uji, kesho si watakuja kumi?" Huenda wakaja. Uji wa watu kumi usharika wetu unauweza. Kuamua habari za watu 250,000 hatukuitwa kufanya, na tusijifiche nyuma ya idadi hiyo kubwa ili tumnyime mmoja aliye ukutani.

Baada ya mazungumzo marefu tumekubaliana hivi. Mgeni akija, ale na anywe kwanza, atazamwe majeraha, aulizwe jina na kutafutiwa anayejua lugha yake. Pengine anakimbia kuuawa, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kuomba hifadhi. Hatuwezi kulijua hilo bila kumsikiliza. Hatutamficha wala kusema uongo kwa ajili yake. Taarifa itatolewa, na wawili wetu watafuatana naye hadi atakapofikishwa, ili asiwe peke yake mbele ya watu asioelewa usemi wao. Akifungwa, atembelewe, maana katika Mathayo 25 mfungwa ametajwa pamoja na mgeni. Na asiwepo kwetu wa kupokea hata senti ya wanaowasafirisha.

Wiki moja baada ya Jumamosi ile, wazee wawili walikwenda kumuulizia kijana. Waliambiwa amekwisha hamishwa. Walipoulizwa jina la wanayemtafuta, hawakuwa na la kujibu.

Tunamwombea hivyohivyo bila jina, na tunaamini Mungu analijua. Lakini mgeni atakayefuata, ndugu zetu, tumuulize jina kwanza, kisha tumngoje amalize uji wake.