Kizibo Kilekile

Safari ya Korogwe hadi Handeni haimalizi hata saa mbili, lakini mwili wangu hubadilika njiani. Nikiondoka Korogwe mimi ni mnene. Wenzangu kazini wameshaniambia, kwa kicheko, kwamba maisha yamenikubali. Nikifika Handeni, bibi ananishika mkono, anaupima kwa vidole, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, unaumwa?" Amezika wengi miaka ile ya UKIMWI. Kwake kukonda si urembo hata kidogo.

Futi ya fundi cherehani inasema namba moja pande zote mbili.

Kuna mchoro unaoitwa kwa jina la Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Miduara miwili iliyo sawa: mmoja umezungukwa na miduara mikubwa, mwingine na midogo. Ule wa kwanza huonekana mdogo. Ipime kwa rula, uridhike, kisha inua macho: bado utauona mdogo. Kujua hakuliponyi jicho. Mjerumani mwingine, Helmholtz, aliandika mwaka 1867 kwamba mraba wa mistari ya kulala huonekana mrefu kuliko ulivyo. (Shangazi zangu wanaonikataza vitenge vya mistari ya kulala hawajaisikia habari hii, na si mimi nitakayewapelekea.)

Basi kosa ni la nani? Kwa miaka mingi nilijibu haraka: si la mtu. Bibi hadanganyi, wenzangu hawadanganyi, kila mmoja anasema alichokiona.

Kisha Pasaka moja mdogo wangu akaja kunitembelea. Nikampokea stendi kwa kelele: "Mwenzangu, umejaa! Umenawiri!" Nilimaanisha sifa. Tangu jioni ile akawa anasema ameshiba, amekula alikotoka. Siku ya nne nilikuta ugali wake umefungwa kwenye mfuko, nyuma ya ndoo ya maji.

Jicho langu sikulituma. Mdomo niliutuma mwenyewe. Na ule utetezi wetu kwamba "ni salamu tu" siukubali tena, maana ndivyo tulivyozoea, mwili kwanza, habari za nyumbani baadaye, na anayesalimiwa hana pa kujibia.

Sikujua niombeje msamaha. Nikachukua vizibo viwili vya soda, nikaviweka mezani. Kimoja nikakizungushia vifuniko vya makopo, kingine punje za maharage niliyokuwa nachambua.

"Kipi kikubwa?"

"Hiki," akagusa cha kwenye maharage.

Nikavibadilisha, cha huku kule, cha kule huku, akiniangalia.

"Na sasa?"

"Bado hiki cha kwenye maharage." Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Kisha akanyamaza, akawa anakisukuma kizibo kwa kidole. "Na mimi dada, siku ile stendi, ulikuwa umenizungushia nani?"

Nilimjua. Ni mimi mwenyewe, ninavyojiona nikiwa Korogwe. Sikumwambia. Nilikusanya maharage, tukayaosha, tukayabandika.