Usimwite mtu kwa rangi ya moto wake



Leo tafakari yetu inaanzia kwenye taa. Kule Marekani, mjini Wichita, Kansas, kampuni ya Coleman ilitengeneza kwa miaka mingi taa za kambini zinazowaka kama karabai zetu: unapiga pampu, mafuta yanapanda kwa presha, utambi unawaka mweupe. Juu ya kioo kuna kifuniko cha chuma chenye enameli, kinachopitisha hewa ya moto. Toleo lao maarufu la 200A, la kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilijulikana kwa rangi nyekundu, na wapenzi wa taa za zamani wanalitunza hadi leo.

Sasa, kifuniko hicho chekundu kikishapata moto, wekundu wake unazama. Kinakuwa kama hudhurungi, au karibu na cheusi. Unasema, basi, kimeungua. Lakini zima taa, subiri ipoe: wekundu unarudi polepole, kama vile hakuna kilichotokea.

Siri ni nini? Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuri la nyuzi joto 800 hivi. Rangi nyekundu ya enameli kwa kawaida hutokana na kadimiamu na seleniamu. Zikipata joto, zinameza mwanga zaidi, ndiyo maana zinaonekana nyeusi. Zikipoa, zinarudi. Rangi haikwenda popote.

Aristotle aliliona jambo hili kwa watu. Katika kitabu chake cha Kategoria anaeleza kwamba mtu aliyeiva uso kwa aibu hatumwiti mtu mwekundu. Hiyo ni hali inayopita, siyo sifa yake.

Mtazame Petro. Uani kwa kuhani mkuu aliota moto wa makaa, na hapohapo akamkana Bwana mara tatu. Ungemwona usiku ule ungesema, kumbe ndivyo alivyo! Baadaye, kando ya ziwa, palikuwa tena na moto wa makaa, na Yesu mfufuka akamwuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwita msaliti. Alimwita kwa jina alilopewa nyumbani, Simoni wa Yohane, kisha akamkabidhi kondoo wake.

Kijana, huenda umeanguka, na sauti inakuambia, "Wewe sasa ndivyo ulivyo, usijisumbue kwenda kuungama." Huo ni uongo. Kanisa linafundisha kwamba Ubatizo unatia rohoni alama isiyofutika. Wewe ulishapita tanuri lako. Dhambi inaweza kuifunika rangi ile, kuiondoa haiwezi.

Lakini tusidanganyane. Chuma kitupu kisicho na enameli ni habari nyingine: kwenye nyuzi 230 hivi kinakuwa cha manjano, kufika 300 kinakuwa bluu, na hata kikipoa rangi ile inabaki. Kuna moto unaoacha alama: ulevi uliozoeleka, hasira iliyovunja ndoa. Msamaha unapatikana, ila matokeo yanaweza kukaa nasi miaka. Kwa hiyo rehema isiwe leseni ya kukaa motoni.

Na jambo la mwisho. Kifuniko cha moto ukikimwagia maji baridi, enameli inaweza kupasuka. Mwenzako wa kwaya akiwaka kwa hasira, usimmwagie maneno makali wala usimtangaze kwenye grupu la WhatsApp. Mwache apoe, kisha mwende mkae naye.

Wiki hii fanya mawili. Nenda kaungame. Halafu mtafute yule uliyempa jina baya kwa siku yake moja mbaya, umwite kwa jina lake la Ubatizo.

Ee Bwana, utuone jinsi ulivyotuumba, siyo jinsi moto unavyotuonyesha. Amina.

Tuombeane.