Haki ni ya Mtu, Si ya Mzigo

Kisiwa cha Manda, pwani ya Kenya, kiko ng'ambo ya mkondo kutoka Shela, Lamu. Kisiwa hicho kina kijiji cha Maweni, ambako watu hukata mawe ya matumbawe kwa mikono yao, juani na vumbini, na mawe hayo huvushwa kwa vyombo kwenda kujenga nyumba za Lamu. Mwenye kujenga Shela akitaka kumjua aliyemkatia jiwe, ni kuvuka tu. Akimpunja ujira, atadaiwa uso kwa uso.

Simu iliyo mkononi mwa mwenye nyumba huyo nayo imeanzia kwenye mwamba. Ndani ya vifaa vya elektroniki mna tantalamu inayotokana na koltani, na mojawapo ya machimbo makubwa ya koltani duniani ni Rubaya, katika eneo la Masisi, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wachimbaji hushuka mashimoni na sululu na koleo. Udongo ukilowa kwa mvua, huporomoka na kuwafukia. Aprili 2024 mji huo ulitekwa na waasi wa M23. Kabla ya koltani kuwa simu, hupita kwa madalali, wasafirishaji, wayeyushaji na viwanda vya vipuri. Je, wajibu hupungua kila mzigo unapobadili mikono?

Wahenga walisema kisichokuwepo machoni na moyoni hakipo. Methali hiyo inaeleza udhaifu wa moyo, haiuhalalishi. Deni halifutiki kwa kuwa mdai amehamia mbali. Mchimbaji anastahili haki kwa utu wake na kwa jasho lake, wala hazidishiwi stahili hiyo kwa kuwa jirani yetu. Umbali unaweza kubadili njia ya kutimiza wajibu. Kuubatilisha hauwezi.

Mwaka 2010 zilipitishwa sheria mbili zinazofaa kuwekwa pamoja. Marekani, kupitia kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, iliyataka makampuni yaeleze kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu yanazotumia zinatoka Kongo hiyo au nchi zinazopakana nayo, ili madini yasigharimie vita. Kenya ilipata Katiba mpya, na kifungu chake cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kugoma. Sheria ya kwanza inauliza jiwe limetoka wapi. Ya pili inauliza aliyefanya kazi anatendewaje. Gunia linaweza kufungwa lebo, likathibitishwa kuwa halikumnufaisha mwenye bunduki, na bado likawa limetoka katika shimo lililomfukia kijana asiye na mkataba wala fidia.

Wengine husema basi tuyasuse madini hayo. Tumewahi kuona yanayofuata madini yakifungiwa: Septemba 2010 Rais Joseph Kabila wa Kongo alisimamisha uchimbaji katika mikoa ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo walikosa riziki. Kujitenga na dhuluma humtakasa anayejitenga; aliyedhulumiwa hubaki pale pale, na sasa ana njaa.

Kwa hiyo naamini kipimo cha bidhaa safi ni kimoja: je, mfanyakazi wa chini kabisa anaweza kukataa kushuka shimo bovu, na jioni watoto wake wakala? Asiyeweza kukataa hajakubali, hata akishuka kwa miguu yake mwenyewe. Uwezo huo hauletwi na lebo. Huletwa na bei ya haki, chama kisichoogopa kusema, mkaguzi asiyehongwa, na fidia kwa familia ya aliyefukiwa. Kampuni inayofaidi zaidi ndiyo iliyo na nguvu ya kuyagharimia haya, nayo ndiyo ibebe mzigo mkubwa. Serikali zilazimishe. Nasi wanunuzi, kila tunapoambiwa madini ni safi, tuulize habari za mchimbaji kwanza.