Nani Alifika Kwanza?

Ukitaka kujenga dunia ya kubuni, watu hukuambia uanze na ramani. Unachora milima na mito, halafu mishale: hawa walitoka mashariki, wale walikuja na merikebu baada ya kisiwa chao kuzama. Poa. Lakini kila mshale unaishia mahali, na mara nyingi mahali hapo palikuwa na wenyewe.

Tolkien alilijua hilo. Katika The Lord of the Rings tunawashangilia wapanda farasi wa Rohan. Nchi yao walipewa na Gondor, shukrani kwa kuisaidia vitani. Watu wa Dunland, waliofukuzwa huko, hawajasahau hata miaka 500 baadaye. Wanapofika Helm's Deep wako upande wa Saruman, na lalamiko lao linapata mistari michache tu. Ati ni kelele za adui.

Utaniambia, si ni fantasia tu? Shida ni kwamba mishale kama hiyo imewahi kuchorwa juu ya watu halisi. Mwaka 1863, John Hanning Speke, yule Mwingereza wa kutafuta chanzo cha Nile, alichapisha kitabu akidai kuwa watawala wa eneo la Maziwa Makuu walikuwa na asili ya Ethiopia. Aliangalia sura zao, akajitungia historia. Wakoloni wakaifanya elimu. Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mkutanoni Rwanda akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 miili ilielea kwenye mto huo huo.

Na sisi Wakenya tusijifanye watakatifu. Tunajua jinsi jirani anavyogeuka "madoadoa" uchaguzi ukikaribia.

Tofauti ni moja. Katika maisha, stori ya nani alifika kwanza ni dai la mtu, na dai unaweza kulipinga. Kwenye riwaya, mwandishi ndiye Mungu. Akisema walitoka baharini, walitoka baharini, kwisha. Msomaji anazoea kuamini kwamba jibu lipo, na kwamba likishapatikana, ardhi nayo imepata mwenyewe.

Sisemi tuache kuandika kuhusu watu kuhama. Watu wamehama tangu zamani, na safari zao ni tamu kusoma. Ninachotaka ni kwamba asili ya kabila isimuliwe na mtu aliye ndani ya hadithi, mwenye shamba la kulinda au kiti cha kutetea. Mzee aseme babu zao walikuta msitu mtupu. Mwanamke wa ng'ambo ya mto asikie, acheke, aonyeshe makaburi. Msimulizi asiwaamulie.

Maana hata tukijua kwa hakika nani alifika kwanza, swali la haki bado liko palepale. Mtoto aliyezaliwa hapa jana, utamrudisha wapi?