Pikipiki na Jiwe la Kusagia

Mtu akisimama kando ya njia kuu pale Masumbwe kabla ya jua kuchomoza, ataona jambo ambalo babu zetu hawakuliona. Malori marefu yatokayo Isaka yapita kuelekea Lusahunga, na toka huko huenda Rwanda na Burundi. Walakini watu wa mji hawayatazami. Wao wazitazama pikipiki. Mlinzi aendaye zamu, mama aendaye kuwapikia wachimbaji, mvunja mawe, fundi wa krasha, mwalimu wa shule ya kijiji cha mbali, wote wasimama gizani wakingoja chombo cha kuwafikisha kazini. Migodi mikubwa, kama ule wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, huwachukua watumishi wake kwa mabasi. Mchimbaji mdogo hana basi. Duara lake li mbali porini, naye akichelewa, nafasi yake hupewa mwingine.

Zamani watu walikwenda kwa miguu, kisha kwa baiskeli. Hata leo Shinyanga na Kahama abiria hupanda nyuma ya baiskeli kwa nauli. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa na baiskeli za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalichukua. Kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu pikipiki kuchukua abiria kwa malipo, na toka hapo zimeenea hata vijiji ambavyo gari halikufika kamwe. Jambo hili ni jema, wala sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya namna maskini azipatavyo.

Nataka kueleza habari za mtu mmoja ambaye sitamtaja jina, wala sitamtaja aliyempa pikipiki. Mtu huyu alifanya kazi katika mwalo, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, na nauli ya kwenda na kurudi ilimlia karibu theluthi ya ujira wake. Akaona afadhali awe na chombo chake mwenyewe. Asubuhi angempakia mwenzake mmoja, jioni angempakia mwingine, na nauli yao ingelipa deni. Akachukua pikipiki ya mkataba.

Wasomaji walio mbali na huku labda hawaujui mkataba huu. Mwenye fedha hununua pikipiki dukani, naye hushika kadi yake. Mwendeshaji huichukua, na kila siku ya kazi hupeleka fedha iitwayo hesabu. Siku zilizopatanwa zikitimia, kadi huandikwa jina la mwendeshaji, na chombo huwa mali yake. Huyu wa kwetu alinionyesha daftari lake. Pikipiki ilinunuliwa kwa shilingi 2,800,000. Hesabu ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 za juma, kwa majuma 65. Jumla yake 3,900,000. Mafuta, matengenezo, tairi na faini za barabarani zote zilikuwa juu yake. Tena iliandikwa kwamba akikosa hesabu majuma mawili mfululizo, chombo hurudi kwa mwenyewe.

Alilipa majuma 56 bila kukosa hata siku moja. Ndipo akashikwa na homa, akalala majuma matatu. Pikipiki ikaja kuchukuliwa. Hesabuni wenyewe: alikuwa amekwisha kulipa 3,360,000, yaani bei yote ya dukani na 560,000 juu yake. Alipopona alirudi kusimama gizani kando ya njia, kungoja pikipiki za wengine.

Nalikwenda kwa yule mwenye pikipiki, maana ni mtu wa sala nami namheshimu. Hakuniudhikia. Aliniambia, “Mwalimu, mimi sikumlazimisha. Alisomewa, akafahamu, akatia sahihi mbele ya mashahidi. Nimewahi kuibiwa pikipiki mbili, na ya tatu iligongwa na lori ikawa chuma kitupu. Kama ningewaonea huruma wote, leo nisingekuwa na hata moja ya kumpa mwingine. Je, hiyo ingekuwa huruma?”

Neno lake si jepesi. Wako wengi wanaowalaumu watu wa namna hii kwa maneno makali, hali wao wenyewe hawajamwamini maskini kwa shilingi moja. Yeye amewaamini watu ambao benki hazifungui mlango kwao. Tena ni kweli kwamba asiyeogopa kunyang'anywa huenda asilipe. Twawajua watu wa jinsi hiyo, wengine twakaa nao benchi moja kanisani. Basi tukisema amekosa, hapana budi tuonyeshe amekosa wapi. Kuchuma faida si kosa, na kushika kadi si kosa.

Mimi nadhani kosa li katika swali hili: hasara ni ya nani? Tazameni desturi ya ng'ombe katika nchi hii. Mwenye ng'ombe wengi aliwapa wengine wakae kwa mtu asiye na kitu. Maskini yule aliwachunga, akanywa maziwa, na baada ya muda akapata ndama wake. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, mchungaji alimpelekea mwenyewe ngozi na habari, na mambo yakaisha. Hakuna aliyemwambia, “Endelea kunilipa maziwa ya ng'ombe aliyekufa.” Tajiri alijua kwamba mali yake ikiwa mkononi mwa mwingine, msiba wake ni msiba wao wote wawili. Torati nayo husema jambo la namna hiyo katika Kutoka sura ya 22, juu ya mnyama aliyekodishwa akaumia: mwenyewe hupata ujira wa kukodisha, wala hadai zaidi. Mkataba wa pikipiki umegeuza desturi hii. Faida wagawana, lakini homa ni ya mmoja, tairi ni la mmoja, na mvua inayozuia njia ni ya mmoja.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 iko sheria fupi ambayo wengi huiruka wasomapo, maana yahusu mawe ya kusagia. Mkopeshaji alikatazwa kulichukua jiwe hilo kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, kwa sababu kulichukua ni kuichukua roho ya mtu. Sheria haikukataza rehani zote. Ilitenga kitu kile ambacho mdeni hupatia chakula, kwa kuwa akinyang'anywa hicho, hawezi kulipa wala hawezi kula. Mbele kidogo yasemwa kwamba mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdeni kujichukulia rehani, bali angoje nje. Nilipoisoma sheria hiyo nilifikiri juu ya wale waendao usiku na ufunguo wa pili kuiondoa pikipiki uani. Chombo cha kwenda kazini ni jiwe la kusagia la siku hizi. Jiwe la zamani lilikaa jikoni. Hili lina magurudumu, lakini unga utokao ni ule ule.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni chombo kibovu. Wako wauzao kwa maskini pikipiki iliyochoka, wameipaka rangi, wameifunga breki kwa waya, wakisema kwamba mtu wa hali ya chini hawezi kuchagua. Makatekista wenzangu waifundishao amri ya saba wajua kwamba katika Katekisimo Ndogo Luther hakukomea kwa mwizi wa usiku. Alitaja pia bidhaa za uongo, kisha akaongeza wajibu wa kumsaidia jirani aitunze na kuiendeleza riziki yake. Maana yake, mtu aweza kuivunja amri hii mchana, mbele ya mashahidi, kwa risiti. Na chombo kisichoaminika ni kibaya kuliko kutokuwa na chombo, kwa maana asiye nacho huamka mapema atembee, lakini aliye na kibovu hukitumaini, kikamwacha njiani siku ile bwana wa kazi anapohesabu watu. Sisemi habari za breki zikatikapo mbele ya lori.

Twaweza kujifunza kwa wenzetu wa mbali. Katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont huko Marekani, mtu aitwaye Hal Colston alianzisha mwaka 1996 kazi iitwayo Good News Garage, chini ya shirika la huduma la Walutheri. Nchi ile ni ya baridi, nyumba zimetawanyika, na asiye na gari hafiki kazini. Watu hutoa magari yao ya zamani, mafundi huyakagua na kuyatengeneza, ndipo hupewa wafanyakazi wa kipato kidogo. Linalonipendeza ni fundi kutangulia. Kwanza chombo kiwe kizima, ndipo kitolewe. Tusiige yote, maana wao wana magari ya kutupa nasi hatuna. Lakini kila usharika una fundi mmoja au wawili, na kukagua pikipiki kabla ya mkataba hakuchukui siku nzima.

Wengine watauliza kama si afadhali kuwaelekeza watu kwenye mikopo. Iko mingi. Ile iitwayo kausha damu imejieleza yenyewe kwa jina lake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Hata hicho chafika asilimia 42 kwa mwaka. Lakini mkataba wa pikipiki kati ya mtu na mtu hauitwi mkopo, basi mara nyingi kikomo hakiugusi. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo zilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro nyingi, zikarudishwa mwaka 2024. Ni njia njema kwa kijana anayejua kuandika maombi na aliye na kikundi. Mtu wetu wa mwalo amekwisha kupita umri wa ujana, si mwanamke, wala hana ulemavu. Hana mlango.

Luther mwenyewe aliandika juu ya biashara na riba mwaka 1524, akawakemea wafanya biashara waliojiona wana haki ya kuuza kwa bei ya juu kadiri wawezavyo. Alisema pia kwamba mkopo wa kweli ni ule ambao mkopeshaji yu tayari kuukosa, tena aliwakataza watu kuwa wadhamini. Hapa mimi namfuata nusu ya njia. Vikundi vyetu vya VICOBA husimama kwa udhamini. Tukiuondoa, hakuna mjane atakayekopa. Lakini neno la kuwa tayari kukosa sikuweza kulitoa moyoni. Sikulielewa kuwa amri ya kupoteza mali. Nalielewa kwamba anayetoa akiwa ameazimia asipoteze hata senti moja kwa vyovyote, amekwisha kuamua kwamba ajapo msiba, umwangukie mwingine.

Kwa hiyo nilirudi kwa mwenye pikipiki nikiwa na maneno matatu tu. Siku za ugonjwa uliothibitishwa na zahanati ziongezwe mwisho wa mkataba, zisihesabiwe kuwa kosa. Chombo kikirudishwa, kikadiriwe bei, na kinachozidi deni apewe aliyelipa. Na fundi asiye wa upande wowote akikague kabla ya sahihi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, wewe una hisa katika kikundi. Ungeziweka katika pikipiki kwa mkataba huo wako?”

Nikakaa kimya, kwa maana hisa zile ni ada ya mtoto wangu. Yeye hakucheka. Nilimwambia kwamba nitaweka nusu. Akasema, “Basi na homa ya majuma matatu tutaigawa hivyo hivyo, nusu yangu, nusu yako?” Nikaitikia. Akaniomba lile daftari la mtu wa mwalo, ambalo nililichukua pamoja nami. Akavaa miwani, akaanza kuhesabu tangu ukurasa wa kwanza.