Neno kwa Mama Zetu wa Makamo

Somo: Marko 5:25–34

Mwezi huu twataka kusema na mama zetu waliokwisha kupita miaka 40, wala hawajafika 60. Ambao watoto wao wa kwanza wamekwisha kuoa na kuolewa, na wa mwisho wangali shuleni, na wazazi wao wamezeeka nao wangojea uji kila asubuhi. Hao ndio nguzo za sharika zetu. Ndio wanaofagia kanisa siku ya Jumamosi, ndio wanaopika watu wafapo na watu waoanapo. Walakini katika mahubiri yetu twasema nao habari za kazi zao tu, na habari za miili yao twanyamaza.

Tunayo sababu ya kuandika. Tulimzika mama mmoja wa usharika wetu, ambaye hatutamtaja jina. Huku kwetu Kilimanjaro ng'ombe wengi hufungwa zizini, na mama ndiye awaleteaye majani. Naye alishuka mpaka tambarare kuyakata, akayapandisha mlimani kichwani mwake, mzigo ambao kijana mwenye nguvu angeuchukua kwa kunung'unika. Umri wake ulikuwa miaka 52. Juu ya kaburi lake tulisimama tukamsifu sana ya kuwa katika maisha yake yote hakupumzika hata siku moja, na watu wakaitikia. Baada ya maziko dada yake akatujia kando, akatuambia kwa sauti ndogo ya kuwa marehemu alikuwa akitokwa na damu kwa muda wa mwaka mzima, naye hedhi yake ilikuwa imekoma zamani. Akaficha, akachana kanga zake za zamani kuwa vitambaa, akaendelea na majani. Alipofikishwa hospitali saratani ilikuwa imekwisha kuenea, ikawa hapana la kufanya ila kumtuliza maumivu. Tulirudi nyumbani na haya nyusoni, maana tulikuwa tumelisifu kaburini jambo lile lile lililomwua.

Basi na tuisome tena habari ya mwanamke yule wa Injili. Alitokwa na damu miaka 12, na mali yake yote ikaishia kwa waganga, wala hakupata nafuu. Akaja kwa nyuma, kwa siri, akaligusa vazi la Bwana. Angalieni kwanza ya kuwa Bwana alikuwa safarini, tena safari ya haraka, kwa kuwa binti wa Yairo alikuwa katika kufa. Hata hivyo alisimama. Kwa ajili ya mwanamke asiye na jina, mwenye ugonjwa ambao watu hawautaji, mkuu wa sinagogi alingojeshwa njiani. Tena angalieni ya kuwa Bwana hakumwacha mama yule aende zake na siri yake. Alimtaka aseme, wala si kwa kumwaibisha, maana alimwita binti yake mbele ya mkutano wote.

Najua wako watakaojibu: Mwili ni mavumbi, na kuutunza ni kiburi cha wanawake wa mjini. Hatusemi habari za marashi na mapambo, ingawa sisi hatuoni dhambi mama akijipaka mafuta baada ya kazi. Twasema habari ya amana. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alitufundisha ya kuwa mwili wetu, pamoja na macho na masikio na viungo vyote, ni kipawa cha Mungu, naye ndiye autunzaye. Mtu aliyeazimwa jembe la jirani hulirudisha zima; je, jembe la Mungu twalirudisha limevunjika, kisha twajisifu? Mkumbukeni na Eliya chini ya mretemu, alipochoka hata akaomba kufa. Mungu hakumkemea wala hakumpa kazi upya siku ile. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akamlisha mara ya pili. Ndipo safari ya Horebu ilipoanza. Chakula na usingizi vilitangulia.

Sasa tuseme wazi, kama Maandiko yasemavyo wazi habari za Sara ya kuwa hedhi yake ilikuwa imekoma. Jambo hili si ugonjwa wala si laana. Kwa wanawake wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Hapo kwanza damu hubadili majira yake, mara nyingi, mara chache. Mama hupatwa na joto la ghafula kifuani na usoni, huamka usiku amelowa jasho, huwa na hasira au machozi asiyojua yatokako. Mwaka mzima ukipita bila hedhi, twasema imekoma. Mama aliye katika hali hiyo hajalogwa, wala hajaacha imani. Avae nguo nyepesi, alale penye hewa, apunguze chai ya rangi na kahawa jioni. Na kama taabu yazidi, daktari anazo dawa za kumsaidia.

Lakini damu itokayo baada ya mwaka ule kupita, hata ikiwa tone moja, si desturi ya uzee. Kadhalika damu baada ya kulala na mume, na uchafu wenye harufu. Mama asingoje mwezi wa pili. Na aende hospitali. Katika Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake, nayo huanza kwa kirusi kiitwacho HPV, huenda polepole kwa miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Kwa hiyo inaweza kukamatwa mapema. Mkunga au daktari hupaka siki mlangoni mwa kizazi, na mahali palipoanza kuharibika hugeuka kuwa peupe. Ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi mahali hapo huweza kutibiwa kabla ya ugonjwa. Mama mwenye miaka 30 hata 50 afanyiwe hata kama hana maumivu, na mwenye virusi vya UKIMWI aanze mapema zaidi. Binti zetu nao wanayo chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Msiwazuie kwa uvumi wa sokoni.

Juu ya hayo, mama apimwe shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha, maana halina kelele mpaka limempooza mtu. Likifika 140 kwa 90 mara kwa mara, atibiwe, wala asiache vidonge siku ajisikiapo mzima. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kidogo cha chai. Hedhi ikikoma mifupa hupungua nguvu upesi. Basi ale dagaa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani, na maziwa. (Twaona maziwa yote yauzwa asubuhi, na mama aliyemkatia ng'ombe majani hanywi hata kikombe.) Mama wa dukani na wa ofisini atembee kwa miguu nusu saa kila siku. Mama wa shambani ametembea vya kutosha. Yeye apunguziwe mzigo, auchukue mara mbili badala ya mmoja uvunjao shingo, na jikoni afungue dirisha moshi utoke.

Hapa twageuka kwenu, akina baba. Mama hawezi kupumzika ikiwa hakuna mwingine ashikaye mundu. Wana wenu wa kiume wanayo mikono. Na nauli ya kwenda hospitali msiifanye maneno ya wiki tatu. Mwaitoa siku ile ile ng'ombe auguapo. Tena mke akiwaambia ya kuwa kulala nanyi kwamwumiza, msimdhanie uovu, kwa kuwa hedhi ikikoma mwili hukauka, na daktari anayo dawa ya hilo pia.

Walimu na wainjilisti, twawaomba barua hii isomwe baada ya ibada, na aya ya damu isirukwe kwa sababu ya aibu. Kama mwalimu hawezi, ampe mkewe aisome. Mwulizeni muuguzi wa zahanati iliyo karibu siku ambayo kipimo cha siki hufanyika, mkaitangaze pamoja na matangazo ya ndoa. Na siku hiyo wamama waende wawili wawili, kama wanafunzi walivyotumwa, ili mwenye hofu awe na wa kumshika mkono. Wazee wa kanisa wasitoke nje wakati wa kusomwa.